UZI: Mashine ya hospitali ikishachomekwa kwenye mtandao, usalama wa mgonjwa uko mikononi mwa nani?

Fundi wa Vifaa Tiba (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za majukumu.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Tanga. Nakagua na kutengeneza mashine kwenye hospitali na vituo vya afya, mjini na wilayani. Kuna jambo limekuwa likinikera na naona halisemwi vya kutosha, kwa hiyo naliweka hapa kwa vipande. Wauguzi, madaktari, watu wa TEHAMA na wenye wagonjwa nyumbani, karibuni mchangie.

Zamani mashine ya wodini ilikuwa na waya mmoja tu, wa umeme. Leo monita ya mgonjwa, ile skrini ya kitandani inayoonyesha mapigo na presha, inakuja na tundu la kebo ya mtandao mgongoni na waifai ndani. Eksirei inatuma picha moja kwa moja kwenye kompyuta ya daktari. Mashine ya maabara inaingiza majibu kwenye mfumo wa hospitali bila mtu kushika kalamu. Haya ni maendeleo na yanaokoa watu, nisieleweke vibaya. Ila kila kiungo kipya kinakuja na swali ambalo mashine ya zamani haikuwa nalo: kiungo hiki kikikatika, au kikianza kusema uongo, mgonjwa ataumia vipi, na nani atagundua mapema?

Swali hilo wodini halina mwenyewe. Fundi anasema mtandao ni wa TEHAMA. TEHAMA wanasema mashine ni ya fundi. Muuguzi ameambiwa asiguse. Aliyetoa msaada alishakabidhi akaondoka.

Nianze na mfano ulio wazi. Tarehe 30 Januari 2025, mamlaka mbili za Marekani, FDA inayosimamia dawa na vifaa tiba na CISA inayoshughulikia usalama wa mitandao, zilitoa tahadhari kuhusu monita ya wagonjwa iitwayo Contec CMS8000 kutoka China. Monita hiyohiyo inauzwa pia kwa jina la Epsimed MN-120. Walisema programu yake ina anwani ya mtandao iliyoandikwa humohumo ndani, na ikiunganishwa kwenye intaneti inaanza kutuma taarifa za mgonjwa nje. Walisema pia mtu wa mbali anaweza kuiingilia na kuifanya isifanye kazi inavyotakiwa. Wakati huo hawakuwa na taarifa ya mgonjwa yeyote aliyedhurika. Ushauri wao haukuhitaji fedha: kama mnaitumia kusoma hapohapo kitandani tu, chomoa kebo, zima waifai, endelea. Kama haizimiki, au kama mnategemea kuisomea mbali, acheni kuitumia.

Angalieni hilo la majina mawili. Jina lililo usoni mwa mashine si lazima liwe la aliyeitengeneza. Tahadhari ikitoka kwa jina la kwanza, mwenye jina la pili hajui kwamba anaambiwa yeye. Ndiyo maana kila nikifika kituo kipya naigeuza mashine nisome kibandiko cha nyuma: modeli, namba ya toleo, mwaka. Uso wake nauangalia baadaye.

---

Mtu wa Barabara ya Kumi

Mkuu nakuheshimu, lakini hospitali zetu mgonjwa anaandikiwa akanunue glovu nje. Leo unatuletea habari za wadukuzi? Nani atahangaika kudukua monita ya Tanga? Tuzungumze dawa kwanza.

---

Fundi wa Vifaa Tiba

Mkuu wa Barabara ya Kumi, hoja yako ni halali na nimeisikia hata kwa waganga wafawidhi. Tuwaweke wadukuzi pembeni kabisa. Hatari nyingi ninazoziona mimi hazina adui.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika. Nchi nzima ilijua, intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Hakuna aliyeishambulia Tanzania siku ile. Lakini kituo ambacho picha zake za eksirei zinasomwa na daktari aliyeko Dar kwa njia ya mtandao, siku ile kilikuwa na mashine nzima isiyo na msomaji. Je, kulikuwa na karatasi ukutani inayosema mtandao ukikatika picha inasomwa na nani, na mgonjwa wa ajali anapelekwa wapi? Hilo halihitaji bajeti ya glovu.

Mfano wa pili niliuona kwa macho, hospitali siitaji. Monita ilikuwa inapeleka vipimo kwenye mfumo wa kompyuta. Betri ndogo ya saa iliyoko kwenye bodi ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika, tarehe ya monita ilirudi mwaka 2000. Mashine ilisoma vizuri kabisa, presha sahihi, mapigo sahihi, ila vipimo vilienda kukaa kwenye kumbukumbu za miaka zaidi ya ishirini nyuma. Daktari akifungua faili la mgonjwa anaona usiku mzima hakupimwa. Akiamini alichokiona anaweza kuongeza dawa ambayo mgonjwa keshapata, au akakosa kuona presha iliyokuwa ikishuka tangu saa nane usiku. Betri yenyewe ni ya bei ya soda.

Na hapa kwetu pwani kuna chumvi. Ukichomoa kebo ya mtandao kwenye jengo linalopigwa na upepo wa bahari, zile pini za shaba unazikuta na ukungu wa kijani. Kiungo kinashika na kuachia. Mashine inaonekana imeunganishwa huku nusu ya ujumbe unapotea njiani. Mtengenezaji aliyeko ulaya hakuipima mashine yake hapa Raskazone, ufukweni Tanga.

---

Sista wa Zamu

Nimefurahi umefungua huu uzi. Niongeze la kengele. Wodi yetu monita zinalia mchana kutwa usiku kucha. Mgonjwa akijigeuza, inalia. Elektrodi, kile kibandiko cha kifuani chenye waya wa monita, ikibanduka kwa jasho, inalia. Tukiwa wawili kwa wodi nzima, mkono unaenda wenyewe kwenye kitufe cha kunyamazisha. Sasa wametuunganishia kwenye skrini moja kubwa mezani, zote zinalia mahali pamoja. Mnatushaurije? Kwa sababu tukinyamazisha tunaambiwa wazembe.

---

Fundi wa Vifaa Tiba

Dada, si uzembe, na dunia nzima inalijua. Joint Commission ya Marekani, taasisi inayotoa ithibati kwa hospitali, ilitoa tahadhari Aprili 2013: kati ya Januari 2009 na Juni 2012 walipokea taarifa 98 za matukio yaliyohusu kengele za mashine, na 80 kati ya matukio hayo yaliishia kwa kifo. Sababu kubwa iliyotajwa ni watumishi kuzoea kelele hadi wasizisikie tena.

Dawa yake si kumkemea muuguzi. Kaeni na daktari mpange mipaka ya kengele kwa kila mgonjwa. Monita inakuja na mipaka ya kiwandani. Mzee wa presha ambaye kawaida yake ni 150 italia kutwa, na mtoto mchanga mapigo yake ya kawaida kwa mtu mzima ni dharura. Pili, badilisheni elektrodi kila siku, ngozi ifutwe ikauke kwanza. Kwa joto la Tanga hilo peke yake linapunguza kelele nyingi za uongo. Tatu, na hili ndilo la mtandao: skrini ya mezani ikizimika, kengele ya kitandani lazima iendelee kulia. Nimekuta mahali sauti za kitandani zimezimwa zote kwa kuwa "mezani tunasikia". Swichi ndogo ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kebo zote, iliyoko chini ya meza ikichomolewa na mtu anayetafuta pa kuchajia simu, wodi nzima inakuwa bubu, na ukimya huo kila mtu anautafsiri kwamba wagonjwa wako salama.

Jaribuni wenyewe, mchana, daktari akiwepo. Chomoeni kebo ya skrini ya mezani makusudi. Hesabuni itachukua muda gani skrini kuandika kwamba imepoteza mawasiliano. Kama inabaki inaonyesha namba za mwisho bila kusema chochote, nipigieni kelele hapa au mwiteni fundi wenu, kwa sababu hiyo ni hatari kuliko skrini iliyozima kabisa.

---

Kebo na Swichi

Mimi ni TEHAMA kwenye hospitali moja ya binafsi. Fundi kasema kweli kuhusu kurushiana mpira, ila na sisi tusikilizwe. Kompyuta inayoendesha mashine ya utrasaundi imekuja na Windows ya zamani. Nikitaka kuweka sasisho, msambazaji anasema nikigusa dhamana inakufa. Nikitaka kuweka kinga ya virusi, ananiambia itaifanya mashine iwe nzito katikati ya kipimo. Halafu kikiingia kirusi naulizwa mimi.

Wanaosema hakuna atakayehangaika na Tanga wakumbuke WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kile hakikuchagua hospitali. Kilikuwa kinatafuta kompyuta yoyote ya Windows yenye udhaifu ambao haujazibwa kwa sasisho. Karibu theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma kule England ziliathirika, zikafuta miadi, na baadhi ya mashine za kupiga picha na za maabara zikafungika. Microsoft walikuwa wameshatoa sasisho tangu Machi, miezi miwili kabla.

Na msidhani ni Ulaya tu. Juni 2024 huduma ya taifa ya maabara ya Afrika Kusini, NHLS, ilivamiwa na wahalifu wa kudai kikombozi. Mashine za kupima damu zilikuwa nzima, sampuli zilipimwa, lakini majibu hayakuweza kwenda kwa madaktari kwa mfumo. Majibu ya dharura yakawa yanasomwa kwa simu. Fikirieni potasiamu ya mgonjwa wa figo inasomwa kwa simu yenye mwangwi.

---

Fundi wa Vifaa Tiba

Kebo na Swichi, umefika penye kiini, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Sasisho lenyewe ni hatari pia. Agosti 2017, FDA ilitangaza kwamba vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo vya Abbott, vile vinavyopandikizwa kifuani, vipatavyo 465,000 kwa Marekani pekee, vilikuwa na udhaifu ambao mtu mwenye vifaa vya redio akiwa karibu angeweza kuutumia. Sasisho lilikuwepo. Lakini hawakusema kila mtu akimbilie. Mgonjwa alitakiwa aende kliniki, kazi ilichukua dakika kama 3, na katika dakika hizo kifaa kilikwenda kwa hali ya akiba, mapigo 67 kwa dakika. Kulikuwa na uwezekano mdogo wa sasisho kukwama. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake haupigi kabisa bila kifaa, hata uwezekano mdogo ni mkubwa, ndiyo maana waliachiwa daktari na mgonjwa wazungumze kwanza. Haikushauriwa kuvitoa na kupandikiza vingine, maana upasuaji una hatari zake.

Hivyo ndivyo hatari inavyopimwa. Kiwango cha kimataifa kinachotumika, ISO 14971, toleo la sasa ni la 2019, kinasema hatari ni mambo mawili kwa pamoja: uwezekano wa dhara kutokea, na ukubwa wa dhara lenyewe. Kisha kinataja mpangilio wa kuidhibiti, na mpangilio huo natamani kila mganga mfawidhi aujue kwa moyo. Kwanza, ondoa hatari kwenye muundo wenyewe. Ikishindikana, weka kizuizi kinachomlinda mgonjwa. Mwisho kabisa, baada ya hayo mawili, ndipo utoe onyo na mafunzo.

Sisi tunaanzia mwisho. Mashine ina tatizo, tunabandika karatasi ukutani: "TAHADHARI, USICHOMOE." Muuguzi mgeni wa zamu ya usiku anatarajiwa aisome gizani umeme ukiwa umekatika.

Kisa kinachofundishwa kila chuo kwa ajili ya hili ni cha Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya kimakanika: mpangilio ukiwa si sahihi, mionzi haitoki, iwe programu imekosea au haijakosea. Kwenye Therac-25 vizuizi vile viliondolewa, usalama ukaachiwa programu ya kompyuta peke yake. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6, Marekani na Kanada, walipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na kuna waliofariki kwa sababu hiyo.

Tyler, Texas, 1986: mwendeshaji aliandika herufi ya aina moja ya mionzi, akagundua, akarekebisha haraka. Alikuwa mzoefu, vidole vyepesi. Marekebisho yake yalifanyika ndani ya sekunde 8 ambazo mashine ilikuwa bado inapanga sumaku zake, na programu haikuyaona. Skrini ikaandika "Malfunction 54", maneno ambayo kitabu cha mwendeshaji hakikuyafafanua. Mashine ilikuwa na kawaida ya kutoa ujumbe wa namna hiyo mara kwa mara, hivyo akabonyeza herufi ya kuendelea. Mgonjwa yuko chumba cha pili, anaungua. Kamera ya kumwangalia ilikuwa imechomolewa siku ile, na spika ya kumsikia ilikuwa mbovu.

Tazameni ilivyohitaji mambo yote hayo yakutane. Programu, kizuizi kilichoondolewa, ujumbe usioeleweka, kamera, spika. Lingebaki moja tu zima, labda yule mtu angesikika mapema. Mtandao wa wodi zetu ninauangalia kwa jicho hilo: ni kizuizi gani bado kipo ikiwa programu itakosea?

Kwa hiyo kaka, hiyo Windows ya zamani ambayo hauruhusiwi kuigusa, usiigombanie na msambazaji. Itenge. Iwe kwenye sehemu yake ya mtandao, iruhusiwe kuzungumza na seva ya picha tu, basi. Isiwe kwenye waifai moja na simu za wageni. Isifungue barua pepe. Matundu ya flashi yafungwe, maana mtu akija kuchukua picha ya mimba kwa flashi yake ndiyo njia kuu ya virusi kwetu.

---

Dokta Kijana

Shukrani kwa uchambuzi. Kwenye lile la Contec niongeze uwiano. Watafiti wa kampuni ya Claroty waliichunguza baada ya tahadhari, wakasema kwa maoni yao ilikuwa muundo mbovu usio salama kuliko mlango wa siri uliowekwa kwa nia mbaya, kwa kuwa anwani ile ilionekana hata kwenye kitabu cha maelekezo. Kwa mgonjwa wetu haibadilishi cha kufanya, kebo ichomolewe vilevile, lakini tusijenge uzi juu ya njama.

Halafu kuna "kusema uongo" kwa aina nyingine ambako hakuhitaji mtandao wala kirusi. Vile vibanio vya kidoleni vya kupima oksijeni. Utafiti wa Michigan uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kibanio kikisoma 92 hadi 96, wagonjwa Weusi karibu asilimia 12 walikuwa na oksijeni chini ya 88 kwenye damu ya ateri, wakati Wazungu ni asilimia 4 hivi. Rangi ya ngozi inaingilia mwanga. Sasa chukueni namba hiyo, mpeleke kwenye mfumo unaopanga nani apewe kitanda cha oksijeni kwanza. Kosa dogo la kidole kimoja linageuka kuwa utaratibu wa hospitali nzima. Mimi mgonjwa akihema kwa shida na kibanio kinasema 94, namwamini mgonjwa.

---

Fundi wa Vifaa Tiba

Dokta, napokea yote mawili. La kibanio wauguzi walisome mara mbili.

---

Bint Pongwe

Samahani kwa kuingilia wataalamu. Mwanangu ana kisukari cha aina ya kwanza, ana miaka tisa. Mjomba wake aliyeko nje anataka kumtumia ile sensa ya kubandika mkononi, inayopeleka sukari kwenye simu, na mimi nikiwa sokoni nitaona. Nimefurahi sana lakini sasa mmenitia hofu. Nimkatalie?

---

Fundi wa Vifaa Tiba

Dada, usimkatalie mjomba kwa sababu ya huu uzi. Zungumza kwanza na daktari wa mtoto kuhusu matumizi na dozi, hapo mimi si mahali pangu. Ninachoweza kusema ni upande wa kifaa.

Mwishoni mwa Novemba 2019, wazazi wengi wa Marekani wanaotumia Dexcom Follow, huduma inayopeleka vipimo vya sensa kama hiyo kwenye simu ya mzazi, walilala wakiamini simu itawaamsha sukari ya mtoto ikishuka. Seva za kampuni zilikuwa zimepata hitilafu. Sensa zilifanya kazi, simu ya mtoto ilisoma, lakini ujumbe haukuvuka kwenda kwa mzazi, na wengi hawakujua kwamba hauvuki. Mwaka 2024 programu ya simu ya pampu za insulini za Tandem ilikuwa ikijifunga na kujifungua yenyewe mfululizo, mawasiliano ya Bluetooth yakamaliza betri ya pampu, pampu ikazima kabla mtu hajategemea. FDA iliripoti watu 224 waliodhurika, bila kifo.

Kwa hiyo kwako wewe: mashine ya kuchoma kidole na vistripu visiondoke nyumbani. Mtoto akiwa analegea au anatoka jasho na simu inasema sukari iko sawa, mchome kidole upime. Usifanye simu kuwa mlinzi pekee wa usiku. Mwambie mwalimu na jirani dalili za sukari kushuka, maana wao hawahitaji bando. Na umuulize mjomba: sensa hizo huisha muda baada ya siku kadhaa, nani ataleta nyingine kila mwezi? Kifaa kinachomzoesha mtoto halafu kikakatika ghafla nacho kina hatari yake.

---

Bint Pongwe

Ahsante sana. Hilo la vistripu sikuwa nimelifikiria, nilitaka kuacha kununua.

---

Mtu wa Barabara ya Kumi

Nimesoma yote, nakubali kwamba halihusu wadukuzi tu. Nina swali la pesa. Mashine nyingi zinakuja za msaada, na nyingine ni mitumba. Unakataaje msaada?

---

Fundi wa Vifaa Tiba

Msaada haukataliwi, unaulizwa maswali kabla haujapanda meli. Mimi nauliza haya. Je, inafanya kazi yake yote bila mtandao? Nani ana uwezo wa kuingia ndani yake kutoka mbali, na kwa nywila gani? Mtengenezaji bado anatoa masasisho ya modeli hii, mpaka mwaka gani? Imesajiliwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba? Na orodha ya programu zilizo ndani yake ipo? Hili la mwisho si la kujidai. Sheria ya Marekani iliyopitishwa mwishoni mwa 2022 na kuanza kutumika Machi 2023 inamlazimu mtengenezaji wa kifaa kipya kinachounganishwa aiwasilishe FDA. Kwa hiyo akikuambia haipo, kwa kifaa cha juzi kinachouzwa pia Marekani, ujue hajaitafuta.

Nywila ya kiwandani ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi kuliko tatizo lingine lolote. Imeandikwa kwenye kitabu, kitabu kipo mtandaoni, na mara nyingine imebandikwa kwa stika pembeni mwa skrini. Ibadilishwe siku ya kwanza, iwekwe kwenye bahasha kwa mfawidhi.

Mitumba ina pande mbili. Inaingia na inatoka. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilieleza jinsi ilivyonunua pampu za dripu 13 zilizotumika, ikakuta kwenye nyingi bado kuna taarifa za waifai za hospitali zilizozimiliki. Na sisi tunapouza kompyuta ya eksirei iliyochoka kwa fundi wa Ngamiani, majina na picha za mbavu za watu wa Tanga zimo ndani ya diski. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Diski itolewe kabla ya mnada.

---

Kebo na Swichi

Basi mimi naona jibu rahisi: monita zote tuchomoe. Zisome kitandani. Hatari imeondolewa kwenye muundo, kama kiwango kinavyosema.

---

Sista wa Zamu

Hapana kaka. Nina vitanda kumi na nane usiku, tuko wawili. Skrini ya mezani ndiyo macho yangu nikiwa kitanda cha kwanza na anayebadilika yuko kitanda cha mwisho. Ukinichomolea umeniondolea hatari ya kompyuta ukaniletea ya kutomwona mgonjwa.

---

Fundi wa Vifaa Tiba

Sista yuko sahihi, na hapo ndipo mafundi na TEHAMA tunapokosea tukikaa wenyewe bila wauguzi. Ukiondoa kiungo unaondoa na faida yake, kwa hiyo wodi kwa wodi lazima ipimwe upya.

Kwa wodi ya Sista ningefanya hivi. Monita zibaki zimeunganishwa na skrini ya mezani, kwa swichi yao wenyewe ambayo haina njia ya kwenda intaneti wala kwenye kompyuta za uhasibu. Swichi ihamishwe kutoka chini ya meza iwekwe kwenye kisanduku cha ukutani chenye kufuli, na UPS yake, yaani betri ya akiba umeme ukikatika. Sauti za kitandani ziwashwe, mipaka ipangwe kwa mgonjwa. Kila zamu inapokabidhiana, mmoja achomoe kebo ya kitanda kimoja aone skrini inalalamika, kisha airudishe. Chati ya karatasi iendelee kila saa kwa mahututi, na ambu bagi, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, iwepo kwa mgonjwa wa mashine ya kupumulia, umeme uwepo usiwepo.

Kliniki ya nje ambako monita inapima mtu mmoja kwa dakika tano na kuzimwa, chomoa tu. Hakuna faida inayopotea.

Eksirei iachwe kwenye mtandao, itengwe, na kuwe na jina la daktari wa hapahapa Tanga atakayesoma picha siku nyaya za baharini zikikatika tena. Jina, si cheo.

Na liwepo daftari. Kila mashine yenye kebo au waifai: modeli ya kibandiko cha nyuma, toleo la programu, iko wodi gani, inazungumza na nani, nani anaijibia. Kikitokea chochote, hata kama hakuna aliyeumia, iandikwe na ipelekwe TMDA, maana wao ndio wanaoweza kuona kwamba kilichotokea hapa kimetokea pia Mtwara. Mwenye hospitali ambayo haina daftari hilo aniandikie faragha nimtumie muundo wa kurasa ninaoutumia, ni bure.

---

Sista wa Zamu

Nitumie. Na lile jaribio la kuchomoa kebo ya skrini nimelifanya leo mchana na daktari wetu. Namba zilibaki kwenye skrini karibu dakika nzima kana kwamba mgonjwa yupo. Hiyo ya kitandani sauti ilikuwa imezimwa kwa vitanda vinne, tumeziwasha. Fundi wetu anakuja Jumatatu.

---

Fundi wa Vifaa Tiba

Dakika nzima ni ndefu mno. Akija mwambie atafute kwenye mipangilio ya skrini ya mezani muda wa kutangaza kupotea kwa mawasiliano. Modeli nyingi zinaruhusu kuupunguza. Kama yenu hairuhusu, mwandikieni msambazaji kwa maandishi, nakala kwa mfawidhi, na mpaka ajibu, wagonjwa mahututi wasogezwe vitanda vya karibu na meza.